Tupeane uzoefu: lenzi ya zamani kwenye bodi mpya, ipi ilikubali na ipi iligoma?

Wakuu, habari za saa hizi. Naanza mimi.

Nimerithi kwa marehemu baba lenzi ya Nikon, Nikkor ya 50mm, chuma kitupu, nzito mkononi. Bodi yangu, yaani mwili wa kamera, ni Nikon D7000. Nilikuwa najua mdomo wa F, pale Nikon inapofungia lenzi, umebaki uleule tangu 1959, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikaiingiza, nikaanza kuzungusha, ikakaza kabla ya kufika mwisho. Mkono ulitaka kulazimisha, roho ikakataa.

Nilipochungulia kwa tochi nikaona kisa. Pembeni mwa mdomo wa bodi kuna kijino kidogo kinachosukumwa na pete ya apecha (tundu la kupitishia mwanga), ndicho kinachoiambia kamera umeweka apecha gani. Lenzi za kabla ya mfumo wa Nikon wa kusukuma kijino hicho, uitwao AI, uliokuja 1977, zina ukingo mzima usio na nafasi ya kijino hicho. Ukilazimisha, unakivunja. Fundi aliuchonga ukingo wa pete, na sasa lenzi inaingia kama imezaliwa hapo. Kwenye menyu nikaandika urefu wa fokasi wa lenzi (hiyo 50mm) na apecha yake kubwa, na mita ya mwanga inasoma vizuri. Fokasi ni ya mkono, hilo sina shida nalo.

Alama ya kutazama kabla hujaweka: lenzi ya AI ina safu mbili za namba za apecha, ya chini ina namba ndogo zaidi. Ukiona safu moja tu, simama kwanza.

Nanyi leteni yenu, hasa yaliyowakwamisha.

Kivuli Kirefu:
Mkuu, pole na hongera. Mimi nilikuwa na lenzi tatu za Canon za mdomo wa zamani wa FD, nikapata bodi ya mdomo wa EF uliofuata. Nikanunua adapta isiyo na kioo ndani. Sura ya mtoto karibu yangu ilitoka kali hadi kope zikahesabika. Nikageukia milima: ukungu. Nikazungusha pete mpaka mwisho, bado ukungu. Nilidhani lenzi imekufa.

Kumbe ni hesabu. FD imetengenezwa ikae 42mm kutoka kwenye filamu, EF inataka 44mm. Lenzi tayari iko mbali kuliko inavyotakiwa hata kabla hujaongeza unene wa adapta, kwa hiyo vitu vya mbali haiwezi kuvishika. Adapta zenye kioo zinarekebisha hilo, ila ile niliyojaribu ilipunguza ukali wa picha.

Nilipohamia mirolesi (kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani) ya Canon ya mdomo wa RF, ambao unataka 20mm tu, adapta ikawa bomba tupu la kujaza 22mm zilizobaki. Milima ikarudi. Usisahau kwenye menyu kuruhusu kamera ipige bila lenzi, maana haiitambui, na shata (pazia la kupigia picha) inaweza kugoma.

Mama wa Picha:
Jamani M42, zile lenzi za zamani za kufunga kwa kuskrubu! Super-Takumar 50mm ya apecha 1.4 imenifundisha mambo mawili. Kwanza, nyuma kuna pini ndogo inayofunga apecha. Adapta yangu haikuwa na ukingo wa kuibonyeza, basi nilizungusha pete hadi 8 na picha zikatoka kama 1.4. Kwenye Takumar kuna swichi ya A na M. Iweke M (ya mkono), apecha inatii. Lenzi isiyo na swichi, tafuta adapta yenye ukingo.

Pili, kioo chake kilikuwa na rangi ya asali. Ni thoriamu iliyochanganywa kwenye kioo, inageuka njano kwa miaka. Niliiacha dirishani juani wiki kadhaa, ikapauka vizuri. Kuvu ukiiona ndani, hiyo ni habari nyingine, mpelekee fundi mapema.

Bisibisi:
Naongeza fupi. Lenzi za AF-D za Nikon, za fokasi ya kujiendesha, hazina mota ndani, zinazungushwa na mota ya bodi. D3000 na D5000 hazina mota hiyo, na adapta ya FTZ ya kwenda mdomo wa Z, wa mirolesi za Nikon, nayo haina. Lenzi itaingia na apecha itafanya kazi, ila fokasi utazungusha mwenyewe.

Tulivu:
Naomba kuuliza. 135mm yangu ya zamani kwenye mirolesi yenye kutuliza mtikisiko inatoa picha zenye mtetemo. Kwa nini?

Kivuli Kirefu:
@Tulivu umeiambia kamera ni 135? Bila mawasiliano ya umeme kamera haijui urefu, na ukiwa umeacha 50 uliyoweka kwa lenzi ya jana, inatuliza kwa kipimo kisicho chake.

Tulivu:
Mkuu, ilikuwa 28! Nimebadilisha sasa hivi, nimepiga ndege kwenye waya kwa 1/60 na manyoya yanaonekana. Asante sana.

Mwanzisha mada:
Safi sana. Hata mimi hilo la urefu nilikuwa nalipuuza. Mwenye Minolta za MD kwenye mdomo wa E wa Sony tunamsubiri, nina moja ya 35mm mezani na sijathubutu kununua adapta.