Wauza vifaa vya kamera, acheni kutuuzia kwa "inaingia tu bosi"! Lenzi ya RF haikai kwenye M50!

Wakuu, salaam. Nina hasira na uzi utakuwa mrefu, asiye na muda apite tu. Mods, naomba msiuunganishe na ule uzi wa bei za kamera, hili ni jambo lake lenyewe.

Mimi ni mpiga picha wa Morogoro. Kazi zangu ni kipaimara, sendofu, kicheni pati, mahafali ya chekechea, na Jumapili narusha ibada mubashara kanisani kwetu. Natumia Canon EOS M50 na lenzi iliyokuja nayo, ile 15-45mm. Ni mirolesi (kamera isiyo na kioo ndani) ndogo ya mwaka 2018, bodi yake haifiki gramu 400, naitia kwenye begi la mgongoni na kupanda nayo bodaboda bila mtu kujua nimebeba nini. Kamera yenyewe sina ugomvi nayo. Nje, mchana, inatoa picha safi kabisa.

Shida ni ukumbini usiku. Ile lenzi ukiivuta mpaka 45mm inabana hadi f/6.3 (namba ya f ikipanda, mwanga unaoingia unapungua), na kumbi zetu mnazijua: taa moja ya njano juu, taa za DJ za bluu na zambarau zinazunguka, halafu MC anatangaza "bibi harusi anaingia" na taa zinapunguzwa. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inapanda 6400 na bado haitoshi. Uso wa bibi harusi unajaa chenga kama TV ya zamani yenye antena ya waya. Na mteja hataki kusikia habari za f/6.3, anataka kujua kwa nini shangazi yake kwenye simu katoka vizuri kuliko kwenye kamera.

Nikajinyima, nikakusanya hela ya kuongeza vifaa. Nilitaka lenzi moja inayokula mwanga mwingi, flashi ndogo, na betri za akiba. Basi.

Nikawasiliana na duka moja Kariakoo kwa WhatsApp. Jina silitaji, mods mnajua kwa nini, ila mwenyewe akisoma atajijua. Nikamtumia picha ya kamera kwa mbele, jina M50 linasomeka. Nikamtumia na picha ya lenzi niliyonayo, pale kwenye duara ya mbele imeandikwa EF-M kwa herufi za wazi. Nikamwambia nataka lenzi ya f/2 au pungufu ya hapo ya kamera hii. Akanijibu kwa sauti, na sauti ninayo mpaka leo: "Bosi usiwaze, nna 50 ya moja nukta nane, Canon kwa Canon, inaingia tu." Nikauliza tena, una uhakika inaingia M50? "Inaingia tu bosi, tunauza kila siku."

Nikatuma hela. Laki sita na ushee. Mzigo ukaja kwa basi. Nafungua boksi, RF 50mm f/1.8 STM.

Kwa wasiojua, niwaeleze hapa, maana ndipo tunapoliwa. Canon hana mdomo mmoja wa lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera. Zile DSLR, kamera kubwa zenye kioo ndani, zina mdomo wa EF. Mirolesi ndogo za familia ya M zilizoanza 2012 zina mdomo wa EF-M. Mwaka 2018, mwaka uleule wa M50, akatoa EOS R na mdomo mwingine mpya kabisa, RF. Na kuanzia 2022 alipotoa R7 na R10, kamera ndogo nazo zikahamia RF, familia ya M ikaachwa kwenye mataa. Kwa hiyo mtu kukwambia "Canon kwa Canon" hajakwambia chochote.

Lenzi ya EF ya DSLR inafungwa kwenye M50 vizuri tu kwa adapta (pete ya kuunganishia), na fokasi ya otomatiki inafanya kazi. Ya RF haifungiki, kwa adapta wala kwa maombi. Mdomo wa RF una upana wa milimita 54, wa EF-M ni 47. Tena lenzi ya RF imeundwa ikae milimita 20 kutoka kwenye sensa (kile kipande kinachonasa picha), wakati mdomo wa M50 upo milimita 18 kutoka kwenye sensa. Ukitaka kuweka adapta katikati unabaki na milimita 2 za kuchezea. Ndani ya milimita 2 uweke pete mbili na nyaya za umeme? Hakuna fundi.

Nikapanda treni ya SGR asubuhi mpaka Dar, na kamera begani, lenzi ndani ya boksi lake na makaratasi yake yote. Kijana wa kaunta kanipokea vizuri, "karibu mkubwa". Nikamweleza. Hakubisha. Akachukua lenzi, akatoa kifuniko cha nyuma, akaniomba kamera, nikamwekea mezani. Wakuu, yule kijana akaibandika lenzi kwenye mdomo wa kamera na kuanza kuizungusha kwa kiganja kama anatafuta uzi wa chupa. Alama ya lenzi ni nyekundu, alama ya kamera yangu ni kidoti cheupe. Yeye anakilazimisha kidoti cheupe kikutane na chekundu! Pale nyuma ya mdomo sensa ipo wazi, hizi kamera hazina kile kioo cha DSLR cha kuikinga, feni ya dukani inapuliza vumbi la mtaa mzima, na vile vipini vya shaba vya mawasiliano vinasuguliwa na chuma. Nikaikwapua kamera yangu.

Hakuona aibu. Akasema, "Aah, hii inataka adapta, kaka." Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha adapta, laki na nusu. Nikasoma boksi: EF-EOS R. Hiyo ni adapta ya kufunga lenzi za DSLR kwenye kamera za R. Yaani lenzi haihusiki nayo na kamera haihusiki nayo. Mtu anataka kuniuzia kosa la pili ili kufunika la kwanza, tena kwa tabasamu!

Nikaomba nirudishiwe hela, au nibadilishiwe. Akaniita pembeni mwenye duka. Mwenye duka kanyoosha kidole kwenye risiti ya mkono: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaomba risiti ya EFD, mashine mbovu. Nikamsikilizisha sauti ya kijana wake, akasema "huyo mdogo wangu hajui kamera, ungeniuliza mimi." Sasa kama hajui kamera, kwa nini anauza kamera? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na FCC (Tume ya Ushindani) wapo kwa ajili hiyo hiyo. Maandishi yako ya chini ya risiti hayawi sheria ya nchi kwa sababu umeyachapisha kwa wino mwekundu. Barua yangu naiandika, na ile sauti itaambatana nayo.

Flashi nayo, mzigo huohuo. Nilitaka Godox TT350, kidude kidogo kinachotumia betri mbili za AA, kinafaa kwa bodi ndogo, hakiifanyi kamera ipinduke mbele. Wenye nayo mnajua hizi zina herufi mwishoni: C ya Canon, S ya Sony, N ya Nikon, F ya Fujifilm, O ya Olympus. Niliyoletewa ina S. Ukiweka herufi ya nyumba nyingine, TTL yenyewe (flashi kujipimia mwanga ikisaidiana na kamera) sahau, kamera na flashi haziongei. Kwenye hili angalau wakanibadilishia, baada ya kelele. Nilivyofika nyumbani nikaielekeza juu kwenye dari jeupe la ukumbi wa parokia, na nikaelewa kwamba nusu ya tatizo langu ilikuwa inatibika na flashi tu, kabla hata ya lenzi. Hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia hivyo. Ila kumbi zenye mahema na vitambaa vya rangi usijaribu, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa, maharusi wanatoka zambarau.

Betri ni vichekesho. M50 inakula LP-E12, ya kampuni imeandikwa 875mAh, na kwa vipimo rasmi unapata picha kama 235 kwa chaji moja. Niliuziwa moja ya "2400mAh", umbo lilelile, ukubwa uleule. Umeme wa ziada umekaa wapi? Ilizima katikati ya ibada. Na M50 haichaji kwa USB, kwa hiyo msiuziwe pawabenki mkidhani mtachomeka moja kwa moja. Kwa anayerusha mubashara, kinachofaa ni betri bandia yenye waya, namba yake ni DR-E12, unaiingiza sehemu ya betri na kuipa umeme kutoka nje. Nimetafuta maduka kibao, wengi wananiangalia kama naongea Kichina.

Memori kadi nitapita haraka. Mtu wa M50 akikuuzia kadi ya UHS-II, ile yenye safu mbili za vipini vya dhahabu nyuma, umelipia kitu ambacho kamera haitakitumia, slot yake inaishia UHS-I. Hata 4K ya M50 ni megabiti 120 kwa sekunde, yaani megabaiti 15, na kadi yenye alama ya V30 inakuhakikishia kuandika megabaiti 30 kwa sekunde. V30 ya GB 64 original inatosha, utapata zaidi ya saa moja. Neno ni hilo, original. Kabla ya kazi ipime kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta, ni ya bure, inaijaza kadi yote kisha inaisoma. Kadi feki inajitangaza GB 128 na ndani ina 8.

Maiki: angalia kichwa cha waya. Chenye pete nyeusi tatu ni cha simu, chenye mbili ndicho cha kamera. Nimeona wachungaji watatu wameuziwa cha simu, video nzima mahubiri hayasikiki, na kwa sababu M50 haina tundu la hedifoni hujui mpaka umefika nyumbani. Waya wa HDMI uwe ule mdogo kuliko wote, siyo wa kati.

Na zile "seti nzima" zenye lenzi mbili za kuskrubu mbele, 0.43x ya kupanua na 2.2x ya kuvuta, kifuta vumbi, stendi ya kutetemeka, filta ya 58mm wakati uzi wa mbele wa lenzi yako ni 49mm… jamani. Ile 0.43x pembeni mwa picha inakuwa maji matupu. Hela ya ile seti nzima ukiongeza kidogo unapata kifaa kimoja cha maana.

Hasira yangu kubwa ni hii: hakuna anayeuliza. Ingia duka lolote la vifaa vya pikipiki, swali la kwanza ni pikipiki gani, la mwaka gani. Kwenye kamera, kitu cha laki sita, swali la kwanza ni "una bajeti gani bosi?" Hakuna anayeuliza mdomo gani, unapiga wapi, unapiga nini. Hata hiyo 50mm ingekuwa ya mdomo wangu, sensa ya M50 ni ndogo, inaifanya ione kwa kubana kama 80mm. Ukumbini ni tamu kwa sura. Kwenye kicheni pati ya sebuleni unarudi nyuma mpaka unapigia picha jikoni. Muuzaji anayejua kazi angeniambia "chukua EF-M 22mm f/2", inaona kama 35mm, uzito gramu 105, inakaa mfukoni. Canon mwenyewe alitoa lenzi nane tu za EF-M, siyo mlima wa kukariri huo!

NYONGEZA: Naona mmeshaanza "uza hiyo M50 chukua R50", ile Canon ndogo ya RF. Mkuu, R50 inatumia LP-E17, kwa hiyo betri zangu zote ni takataka, na lenzi yangu ya 15-45 haikai kule. Mnanishauri ninunue kamera nzima ili lenzi ya laki sita ipate pa kukaa. Na wewe wa "nunua full frame" (kamera ya sensa kubwa), asante, nitafikisha salamu kwa waumini wanaolipa elfu hamsini.

Nyongeza ya pili: aliyeuliza kuhusu Sigma, ndiyo, 16, 30 na 56 za f/1.4 zilitoka pia kwa mdomo wa EF-M. Viltrox naye ana 23, 33 na 56. Mkizinunua used, sharti ufungue mwenyewe kifuniko cha nyuma mbele ya muuzaji na uone kidoti cheupe.

Sasa ombi. Ninayo RF 50mm f/1.8, haijawahi kufungwa kwenye kamera ukiacha yule kijana aliyeisugua kaunta. Mwenye EF-M 22mm f/2 iliyo safi, Moro, Dodoma au Dar, tubadilishane, na nitaongeza kidogo kama inabidi. Mje PM na picha ya nyuma ya lenzi. Wauza maduka msinifuate PM.