Grupu la Ukoo: "Huku Kwetu" Ni Wapi?

Kaka: _(imefowadiwa)_ Jamani kesho maji hayatakuwepo huku kwetu, jazeni ndoo leo. Mimi nimeambiwa na fundi mwenyewe.

Mamdogo: Huku kwetu wapi? na kesho gani maana mabomba yanatoka vizuri tu

Kaka: nimeitoa grupu jingine Mamdogo nimeileta kama ilivyo

Mjomba: Na huyo "mimi" aliyeambiwa na fundi ni wewe?

Kaka: si mimi Mjomba, ni huyo aliyeandika

Mamdogo: Ehee, mi nimesoma jina lako hapo juu nikajua ni wewe umeongea na fundi, nikawaambia na majirani

Shangazi: Wanangu hili ni jambo la maana sana nawaomba mlisome mpaka mwisho. "Jumatano" akiiandika yeyote yule, kila mtu anaijua ni siku gani. "Kesho" haina siku yake, inangoja umjue anayesema na amesema lini. "Huku" nayo inangoja ujue amesimama wapi, na "mimi" ni ya yeyote anayefungua mdomo. Sasa ukifowadi, maneno yanakuja yote hakuna hata moja lililopungua, lakini yule mtu na pale alipokuwa na ile siku vimebaki kulekule. Ndo maana meseji imekamilika na bado hatuelewi chochote

Binti: Shangazi tulisoma hii chuo!! Kuna mwanasaikolojia anaitwa Karl Bühler, mwaka 1934 alieleza kwamba maneno yote ya kuonyesha yanapimwa kuanzia sehemu moja, mimi-hapa-sasa ya anayesema. Hiyo sehemu ukiihamisha basi kila kitu kinahama nayo

Mjomba: Sawa ila sisi shule tulifundishwa huyu ni karibu, huyo ni mbali kidogo, yule ni mbali. Ni umbali tu hapo, mengine yanatoka wapi

Shangazi: Shemeji hiyo "mbali kidogo" ndo imetupoteza wengi, mi naipinga kila siku. Chukulia tunaongea kwa simu, umempakata mtoto analia, nitakuuliza "huyo ana nini?" Mtoto yuko kifuani kwako, umbali uko wapi hapo? Nimesema huyo kwa sababu yuko karibu na WEWE ninayeongea nawe. Na wewe utanijibu "huyu ana usingizi tu." Mtoto ni mmoja hajasogea hata kidogo, aliyebadilika ni msemaji. Halafu huyo ina kazi yake nyingine, kurudia kilichokwisha kutajwa. Nikikwambia kuna fundi alipita jana, halafu niseme fundi huyo ni mwaminifu, hapo hatupimi yuko mbali au karibu, anaweza akawa ng'ambo ya bahari na bado ni huyo

Mjomba: Ya mtoto imeniingia

Binti: na ngeli zinatusaidia sana jamani, mtu akisema "niletee kile" hata kama sijaona anaponyoosha kidole najua hataki hela wala maji, natafuta kiti au kisu au kitabu. Inapunguza, ila haimalizi

Dada: Mi juzi nilirekodi voisi asubuhi nikasema natoka sasa hivi nisubiri hapo hapo, mwenzangu akaja kuifungua jioni akakaa nje ananisubiri na mimi nilishapita na kurudi kitambo. Sasa hivi yangu na sasa hivi yake vitu viwili tofauti kabisa

Binti: Kihindi ndo zaidi, neno kal ni jana na ni kesho, kitenzi ndo kinakwambia ipi

Bibi: Na ile picha ya zamani mliyoweka humu. Mnasema wa kushoto ni marehemu babu yenu. Kushoto kwangu mimi ninayeitazama au kushoto kwao waliosimama? Maana hao wa pembeni ni watu wawili tofauti.

Shangazi: Shikamoo mama. Umesema kweli tupu, hapo ni bora kutaja nguo, yule mwenye kanzu

Bibi: Marahaba. Mwenye kanzu ndiye.

Mamdogo: Mjomba kaka yangu, na mimi nina swali, wiki iliyopita uliandika humu "tumeamua kikao kiwe Jumapili." Hiyo tu- mimi nimo au simo? Nimeulizwa na watu nikakosa jibu

Shangazi: Swali zuri hilo. Kiswahili sisi ni moja tu, haisemi kama unayeambiwa umo. Kiindonesia wanazo mbili, kita ni sisi pamoja na wewe, kami ni sisi bila wewe, huwezi hata kuanza sentensi bila kuchagua. Kwetu msikilizaji anabaki kukisia, na kwenye mambo ya ukoo kukisia kunaumiza watu

Mjomba: Nilimaanisha mimi na shemeji, baba yao. Tuliongea wawili.

Mamdogo: Basi iandikwe hivyo, fulani na fulani wanapendekeza, na tarehe kabisa. Maana sisi wengine Jumapili hatuwezi

Binti: Mamdogo sisi wengine akina nani? Mimi naweza

Dada: hata mimi naweza