Mrejesho: babu aliyefungwa enzi za mkoloni

Wakuu, salaam. Niliwauliza nitajuaje kwa nini babu mzaa baba alifungwa jela, maana nyumbani Geita ilisemwa tu kwamba aliiba ng'ombe. Waliosema nianze na mahakama kabla ya magereza, Mungu awabariki. Rejista ya gereza bila namba ya kesi ni kuhangaika bure.

Mahakama za wenyeji, zile za watemi (machifu), zilifutwa baada ya uhuru, zikaja mahakama za mwanzo chini ya sheria ya 1963. Kwa hiyo majalada ya zamani yatafuteni Nyaraka za Taifa. Mengi ya zaidi ya miaka 30 yako wazi kwa wasomaji.

Basi nikamkuta babu humo. Mstari mmoja, wino wa bluu uliofifia: jina lake, la baba yake, kijiji, mwaka 1958, kosa: kukusanyika kinyume cha sheria. Hakuna ng'ombe popote! Mwaka huo ndio watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Jina lake limeandikwa vibaya, kwa R badala ya L. Tafuteni kwa herufi zote mbili, na kwa jina la baba.

Nimempigia shangazi, binti yake pekee aliye hai. Alilia, akaniambia nisome tena taratibu. Jumapili tunakaa kikao cha ukoo, nakala nitaisoma mbele ya wote.