Ng'ombe hatoki bandani, kupe katoka wapi?

MamaMtamba, Rungwe: Wadau, shikamooni. Nina mtamba mmoja, chotara wa Friziani. Tangu nimnunue hajakanyaga malishoni. Juzi tezi chini ya sikio imevimba kama limau, jana kagoma kula, joto 41. Daktari wa mifugo kasema ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, kamchoma dawa yake, buparvakuoni. Sasa kupe kaingiaje humu?

FundiBanda: Majani unakata wapi?

MamaMtamba: Kando ya njia wanayopita ng'ombe wa jirani. Kumbe!

MzeeWaJosho: Marahaba binti yangu. Ndiyo hapo. Huyu kupe wa kahawia, mpenda masikio, hunyonya wanyama watatu maishani: akiwa lava (mtoto), akiwa tunutu (kijana), akiwa mkubwa. Kila akishiba hudondoka, hujibadilisha ardhini, kisha hupanda ncha ya jani kusubiri. Wewe ukamfunga kwenye mzigo, ukamleta kichwani. Harithi vimelea vya ndigana kwa mama yake. Huvinyonya kwa ng'ombe mmoja, akavimwaga kwa mwingine hatua inayofuata. Tena akishanata, vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa kwenye mate yake. Kagua masikio kila siku, ndani kabisa, utamuwahi. Mimi niliogesha mara moja kwa mwezi ili kubana dawa, nikazika ndama wawili.

FundiBanda: Akipona, ndama wajao waulizie chanjo, ile ya kuvishwa hereni. Huchomwa mara moja, pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini.

MamaMtamba: Asanteni. Leo kala majani ya mgomba, kidogo tu, lakini kala.