Dalali anasema nitafika kilo 65, kikokotoo kinasema 96. Nimuamini nani?

Mwalimu wa Wete
Assalaam alaykum jamani. Miye nasomesha skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Umri 41, urefu sentimita 158, kilo 124. Sukari n'nayo mwaka wa sita huu, na insulini nachoma asubuhi na usiku. Ndugu zangu walioko Oman wameshachanga pesa nende Chennai nikafanyiwe slivu, ile ya kukata mfuko wa chakula ukabaki mwembamba kama ndizi.

Shida yangu hesabu. Dalali anayenipangia safari ananambia kama muuza kanga: "Bibi, mwaka mmoja tu, 65! Asilimia 70 inaondoka." Mwanangu wa chuo naye kanifungulia kikokotoo cha Wafaransa kwenye intaneti (si kile cha pensheni). Kimeuliza mambo saba tu: urefu, uzito, umri, aina ya upasuaji, kama nna kisukari, nnacho tangu lini, na kama navuta sigara. Hapo pa sigara tulicheka mpaka bibi yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Basi kikachora mstari: unateremka kwa kasi, halafu unapanda kidogo kidogo, mwaka wa tano naishia 96.

Nimenyong'onyea. Na hakikuuliza kama nala halua, wala kama nakwenda skuli kwa miguu. Sasa kitajuaje?

Mvuvi Kojani
Chennai ya nini, mwalimu? Funga Jumatatu na Alkhamisi, achana na mkate wa kumimina, utapungua mwenyewe.

Dawa Mkunazini
Kaka, mtu anayechoma insulini kumwambia afunge bila ya daktari ni kutaka sukari imshuke aanguke mbele ya watoto. Tuyawache hayo.

Dada, hiyo 70 si uongo moja kwa moja, ila hakukwambia ni 70 ya nini. Hawa hupenda kuhesabu uzito wa *ziada*. Kwa urefu wako, BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 25, ndiyo mpaka wa uzito wa kawaida, ni kilo 62 na kitu. Ziada yako basi ni kama 61 na nusu, na asilimia 70 yake ni 43. Toa kwenye 124, unabaki na 81. Hata kwa hesabu yake mwenyewe 65 haipatikani! Labda uwache karibu nusu ya mwili wako huko Chennai. Slivu kwa kawaida huondoa robo ya uzito wote, au zaidi kidogo, na wenye kisukari, hasa wa sindano, hupungua kidogo kuliko wenzao.

Kikokotoo hicho nakijua, kilitoka 2023. Wamekitengeneza na kukijaribu kwa wagonjwa 10,231 wa nchi 10 za Ulaya, Marekani zote mbili na Asia. Afrika hatumo, liweke hilo akilini. Kuhusu halua yako: walianza na mambo 434 ya kila mgonjwa, wakachuja yakabaki hayo saba. Na 96 isikukate maini, si hukumu. Kwa mwaka wa tano, nusu ya watu waliangukia ndani ya BMI 2.8 juu au chini ya kilichotabiriwa. Kwako wewe ni kilo 7. Kwa hiyo isome "89 mpaka 103", na nusu nyingine ya watu wako nje ya hapo, huku au kule.

Bi Shangani
Shoga, miye nimekatwa mwaka wa tatu sasa. Nilikwenda na 118. Mwezi wa kumi na sita nilikuwa 82, watu wananipita njiani hawanijui. Leo nna 91. Nyama hukwama, mkate hukwama, halua haikwami! Ramadhani ya pili kila futari kaimati na tambi, na vile tumbo dogo nikajidanganya kwamba nala kidogo.

Utabiri wangu miye ulikuwa miezi mitatu ya mwanzo. Daktari alinambia anayeshuka vizuri hapo, mara nyingi huendelea vizuri. Jipime wiki kwa wiki uandike. Na sindano sijachoma tangu mwezi wa kwanza, hilo peke yake kwangu lashinda kilo zote.

Mwalimu wa Wete
Ahsanteni. Nimempigia dalali nikamuuliza, 70 ya nini? Kasema hasikii vizuri, yuko baharini kwenye boti. Nyuma yake namsikia jogoo.

Nitakwenda, lakini kwa hesabu ya 96, na daktari nitamuuliza kwanza habari ya sindano. Bi Shangani, nguo ulizibana mara ngapi? Nna madera kumi na mawili, na mawili ya Idi hata sijayavaa.

Bi Shangani
Mara tatu. Usikate kitambaa, pinda kwa ndani. Ile 91 nimeifumulia pindo moja.