Nebula ya Rosette kutoka Nakuru: ninunue nini kwanza?

Mwanzisha uzi, Nakuru
Hamjambo wapenzi wa anga. Nina darubini ya kioo cha milimita 130, na kamera yenye lenzi ya milimita 135. Nyota za kundi la NGC 2244 naziona safi kabisa, lakini nebula yenyewe, wingu la gesi linalozizunguka, siioni. Kwenye picha hutoka ukungu wa kijivu tu. Akiba yangu inatosha kitu kimoja. Niifungue kamera iondolewe filta ya ndani?

Jibu, Kisumu
Kamera iache kwanza. Kweli, filta yake ya kiwandani huzuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656, ila haiuzuii wote. Jicho ndilo lina shida zaidi: gizani karibu haliuoni wekundu huo. Unachoweza kuona ni mwanga wa oksijeni, nanomita 501, kwa hiyo siku moja tafuta filta ya OIII, inayopitisha mwanga huo. Na usikuze sana! Rosette ina upana unaozidi mara mbili ule wa mwezi; ukikuza unakuwa ndani ya wingu na ukingo wake huuoni. Kaa gizani nusu saa bila simu, kisha tazama pembeni kidogo.

Jibu, Molo
Akiba yako nunua kifaa cha kuzungusha kamera ifuate nyota. Rosette iko karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), mahali nyota hukimbia kuliko kwingine kote, na kwa lenzi hiyo sekunde mbili tu nyota zimeshavutika kuwa mistari. Kabla ya kulipa hakikisha kichwa chake kinashuka hadi digrii sifuri, maana kwetu Polaris, nyota ya kaskazini, imelala kwenye upeo wa macho, haikusaidii. Laza mhimili wa kifaa sambamba na ardhi, uelekeze kaskazini halisi (si ya dira), kisha rekebisha kidogo kidogo ukiangalia nyota inahamia wapi. Piga picha nyingi za dakika moja moja, uziunganishe kwa Siril. Programu hiyo ni ya bure.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana, kamera siifungui. Nikapigie ukingoni mwa kreta ya Menengai?

Jibu, Molo
Pale taa za mji wote ziko chini yako. Panda huku Mau, Februari kabla ya mvua, usiku usio na mwezi. Katikati ya Februari Rosette hufika karibu na utosi kabla ya saa nne usiku. Beba koti zito na kitambaa cha lenzi, umande wa huku ni mwingi.