Mjadala: Halmashauri za Kigoma zitumie kitengo kimoja cha ramani, au kila moja ijitegemee?

Mpima wa Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Mkoa wetu una halmashauri nane, na kila moja inatafuta GPS zake, droni yake na kijana wake wa kuchora ramani. Kwa nini tusiwe na kitengo kimoja na seva moja, kila halmashauri ichangie kulingana na mapato yake ya ndani? Kakonko na Buhigwe zikisubiri kununua peke yao zitachelewa sana. Naunga mkono kwa mikono miwili. Kikae Kasulu, ndiyo katikati. Kigoma mjini ni pembeni.

Mtoto wa Ujiji: Pembeni? Reli ilifika hapa 1914, bandari iko hapa, mkuu wa mkoa anakaa hapa. Unaandika ukiwa Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, halafu unatuita pembeni!

Dada wa Heru Juu: Kaka, mtu wa Kakonko akija kwenu anapita Kibondo, anapita Kasulu, ndipo afike. Hakuna aliyekutukana, barabara ndivyo ilivyo.

Mtoto wa Ujiji: Basi hamisheni na ziwa.

Fundi Ramani: Jamani, turudi kwenye mada. Longitudo ya 30 inapasua mkoa huu. Kwenye UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kanda kanda, Kigoma mjini iko ukanda wa 35, Kasulu iko wa 36. Nimewahi kuletewa faili mbili za vijiji vinavyopakana, hakuna aliyeandika ukanda. Nikazifungua pamoja, kijiji kimoja kikaruka mamia ya kilomita kutoka kwa jirani yake. Bado ramani za zamani: zimechorwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo, GPS ya leo inasoma WGS 84, msingi mwingine. Usipobadilisha, mpaka unahama karibu mita 300. Mita 300 kwenye michikichi ni kesi ya baraza la ardhi. Kitengo kimoja kingeweka kanuni moja.

Mama Kibirizi: Kesi nazijua, mwanangu. Mdogo wangu ana hati, jirani yake ana hati, viwanja vimelaliana. Tulipokwenda kuuliza, afisa akageuza kioo cha kompyuta tusione, akasema mfumo hausomi. Jina la halmashauri silitaji. Sasa hiyo seva moja, mtu akiingia usiku akabadilisha jina, sisi tutajuaje?

Mzee wa Uvinza: Mnasema kushirikiana. Wilaya zilipogawanywa 2010, nani alishirikiana? Wilaya ikikatwa, makabrasha hubaki kwa mama, mtoto anaondoka na meza.

Dada wa Heru Juu: 2012 mzee. Buhigwe, Kakonko na Uvinza zilianza pamoja.

Mzee wa Uvinza: Binti, nazungumzia makabrasha wewe unanisahihisha mwaka. Ndiyo maana wazee tumeacha kuchangia humu.

Dada wa Heru Juu: Shikamoo mzee. Sikukukosea adabu, ila tunajadili ramani, na ramani inataka usahihi.

Mpima wa Mwanga: Marahaba mpeane nje ya mada. Nani ana hoja ya gharama? Leseni za programu ni ghali.

Fundi Ramani: Leseni siyo kikwazo, QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Kikwazo ni watu. Mtaalamu akihamishwa, anaondoka na faili kwenye laptopu yake na anayekuja anaanza upya. Kazi ya anwani za makazi ya 2022 ilifanyika kila kata, vijana wakizunguka na simu nyumba kwa nyumba. Tungeanza na hizo taarifa badala ya kukimbilia droni.

Mtoto wa Ujiji: Mimi naona mbali. Leo kitengo cha ramani, kesho ofisi ya ardhi, keshokutwa makao makuu ya mkoa yako Kasulu. Hapana.

Mama Kibirizi: Mmeshafika kwenye makao makuu na swali langu limelala. Nani atashika neno la siri?

Fundi Ramani: Mama, kila afisa awe na lake. Akigusa mpaka au jina, mfumo uandike ni nani, saa ngapi, na palikuwa pameandikwa nini kabla. Halafu kila kijiji kipewe nakala ya karatasi yenye mhuri, ikae kwa mtendaji na mwananchi aruhusiwe kuiona.

Mama Kibirizi: Hapo nakuelewa. Bila hiyo karatasi, mimi napinga.

Mtoto wa Ujiji: Na huo mhuri utagongwa wapi, Kasulu?